Ukarabati wa boti ya alumini

Ukarabati wa boti ya alumini ni kazi ya kuirudisha boti kuukuu iliyoundwa kwa mabamba ya alumini katika hali ya kutumika tena kwa usalama. Kwa kawaida kazi hii ina sehemu mbili: kutengeneza bodi ya boti, na kuifungia injini nyingine, mara nyingi yenye nguvu zaidi kuliko ile ya awali. Sehemu hizo hazitenganishwi. Bodi iliyodhoofika ikifungiwa injini kubwa huweza kupasuka tezini, yaani upande wa nyuma unaobeba injini, na hilo hutokea boti ikiwa katikati ya maji, si ikiwa karakana.

Makala hii inaangalia hasa maziwa ya Mkoa wa Singida, Tanzania. Baadhi ya maziwa hayo yana maji ya chumvi na magadi, na maji ya aina hiyo huila alumini kuliko hata maji ya bahari. Kwa hiyo ushauri ulioandikwa kwa ajili ya maziwa ya Ulaya au Marekani haufai kufuatwa huko bila kuupima.

Alumini na utando wake

Alumini ina uzito wa gramu 2.7 hivi kwa kila sentimita mchemraba, wakati feleji ina gramu 7.85. Boti ya alumini yenye urefu wa futi 12 hadi 14 huweza kubebwa na watu wanne au kuvutwa kwa gari dogo.

Wengi husema kwamba alumini haishiki kutu. Kauli hiyo ni kweli nusu. Alumini humenyuka haraka sana na oksijeni, lakini oksidi inayotokea hufanya utando mwembamba mno unaong'ang'ania uso wa metali na kuzuia hewa na maji visiendelee kupenya. Utando ukikwaruzwa hujiunda tena mara moja. Kwa sababu hiyo boti ya alumini inaweza kukaa miaka mingi bila rangi na isiharibike.

Utando huo una mipaka. Unadumu vizuri katika maji yenye pH kati ya 4 na 8.5 hivi. Nje ya hapo, upande wa asidi au upande wa besi, huanza kuyeyuka. Mpishi yeyote aliyewahi kuchemsha maharage au makande yaliyotiwa magadi katika sufuria ya alumini ameona jambo lenyewe: sufuria hugeuka nyeusi kwa ndani. Kostiki soda inayotumiwa na watengenezaji wa sabuni ina besi kali zaidi, na hutoboa chombo cha alumini kwa muda mfupi huku ikitoa gesi ya hidrojeni inayoweza kulipuka.

Adui wa pili ni metali nyingine. Alumini ikigusana na shaba huku zote zikiwa majini, mkondo mdogo wa umeme hupita kati yao na alumini huliwa ili shaba ipone. Huu huitwa ulikaji wa galvani. Sarafu ya shaba iliyoanguka chini ya mbao za sakafu na kusahaulika inatosha kutoboa boti.

Historia

Alumini ilikuwa metali ya anasa hadi mwaka 1886, Charles Martin Hall huko Marekani na Paul Héroult huko Ufaransa walipogundua, kila mmoja peke yake, njia ya kuizalisha kwa umeme. Ndani ya miaka kumi tayari ilikuwa ikiundiwa boti. Mwaka 1896 Luteni Hourst wa jeshi la wanamaji la Ufaransa aliteremka Mto Niger kwa boti ya alumini iliyoitwa Jules Davoust. Wepesi wa metali hii ulipendwa na wasafiri waliolazimika kubeba vyombo nchi kavu.

Somo la galvani lilikuja mapema vilevile. Jahazi la mashindano Defender la Marekani, lililoshinda Kombe la Amerika mwaka 1895, lilikuwa na mabamba ya shaba nyeusi chini ya mstari wa maji na ya alumini juu yake. Metali hizo mbili zilishindana ndani ya maji ya bahari, na jahazi likavunjwavunjwa mwaka 1901.

Boti za alumini za watu wa kawaida zilienea baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Viwanda vya Marekani vilivyokuwa vikiunda ndege za kivita, kama Grumman, vilibaki na mafundi, mitambo na ujuzi wa kuunganisha mabamba membamba kwa riveti. Vilianza kuunda mitumbwi na boti. Injini za kupachika zilikuwapo tayari tangu mwanzo wa karne ya 20. Kampuni ya Ole Evinrude ilianza kuziuza mwaka 1909. Kampuni ya Yamaha ya Japani iliingia kwenye biashara hiyo mwaka 1960, na leo injini zake ni miongoni mwa zinazojulikana zaidi katika Afrika Mashariki.

Nchini Tanzania vyombo vingi vidogo bado ni vya mbao, na siku hizi vya faiba pia. Hata hivyo nchi ina mfano mkubwa wa bodi kuukuu kupewa injini mpya, ingawa ni wa feleji: meli MV Liemba ya Ziwa Tanganyika. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa Dar es Salaam na kusafirishwa kuelekea Kigoma kwa Reli ya Kati, ile inayopita Itigi na Manyoni katika Mkoa wa Singida wa leo. Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isitekwe, lakini mafundi wake walipaka injini grisi nzito kwanza. Waingereza waliiibua mwaka 1924 na ikarudi kazini mwaka 1927 ikiwa na injini zake za mvuke. Injini za dizeli ilifungiwa miaka ya 1970. Grisi ile ilikuwa pengine kazi yenye faida kuliko zote katika historia ya meli hiyo.

Maji ya Singida

Sehemu kubwa ya Mkoa wa Singida imo katika Bonde la Kati, ambalo mito yake haifiki baharini. Maji huingia maziwani na kutoka kwa njia ya mvuke tu, na chumvi hubaki. Ziwa Singidani na Ziwa Kindai, yaliyo katika mji wa Singida kati ya mawe makubwa ya matale, ni ya aina hiyo, na flamingo huonekana hapo. Kaskazini, katika Wilaya ya Iramba, liko Ziwa Kitangiri. Hilo hupokea maji ya mito Wembere na Manonga na kuyatoa kwa Mto Sibiti unaoelekea Ziwa Eyasi; kwa kuwa lina mlango wa kutokea, chumvi yake haijikusanyi kama ya Eyasi. Katika maziwa haya anaishi samaki Oreochromis amphimelas, aina ya perege apatikanaye Tanzania tu, aliyezoea maji ya magadi.

Kwa mwenye boti, jambo la kukumbuka ni kwamba hali ya maji haya hubadilika. Mvua za masika huyapunguza makali. Mwishoni mwa kiangazi ziwa limepungua, chumvi na magadi vimekolea, na kina kimekuwa kifupi. Kipimo cha pH kilichochukuliwa mwezi wa Aprili hakielezi mwezi wa Oktoba. Karatasi za kupimia pH, kama zile za maabara za shule, zinatosha kwa kazi hii. Maji yakizidi pH 9, boti ya alumini isiachwe ndani ya maji usiku kucha: hutolewa, husuuzwa kwa maji baridi ya kisima na kukaushwa. Kwa matumizi ya kila siku katika ziwa la magadi makali, faiba au mbao ni chaguo bora kuliko alumini, na hakuna rangi inayobadilisha ukweli huo.

Ukaguzi wa bodi

Kabla ya kununua hata msasa, boti huvuliwa kila kitu: viti, sakafu, povu la kuelezea na mbao za tezi. Kisha hupimwa kwa njia rahisi. Huinuliwa juu ya magogo na kujazwa maji kidogo kwa ndani, kina cha sentimita 10 hadi 15 tu, maana uzito wa maji mengi huweza kupinda mabamba yasiyoegemea kitu. Fundi hupita chini na chaki akizungushia duara kila tone. Njia hii hushinda ile ya kuiweka boti ziwani na kutafuta maji yanapoingilia, kwa kuwa ndani ya boti maji hutiririka na kukusanyika mbali na tundu.

Mambo yanayotafutwa ni riveti zilizolegea, nyufa karibu na mkuku na mataruma, na vishimo vidogo vyenye unga mweupe. Unga huo ni oksidi na hidroksidi ya alumini, dalili kwamba metali inaliwa hapo. Hukwanguliwa kwa brashi ya feleji isiyoshika kutu, si ya feleji ya kawaida wala ya shaba, kwani chembe za metali hizo hubaki usoni na kuanzisha ulikaji mpya. Bamba likitoboka kwa msumari uliosukumwa kwa mkono, sehemu hiyo hukatwa na kuwekwa kiraka. Kuijaza kwa gundi ni kuahirisha tatizo.

Riveti na mishono

Boti nyingi za zamani zimeunganishwa kwa riveti ngumu. Riveti iliyolegea lakini haijakatika huweza kukazwa upya. Kazi hii huhitaji watu wawili: mmoja hushikilia kipande kizito cha chuma kwenye kichwa cha riveti upande wa nje, mwingine hugonga mkia wake kwa nyundo upande wa ndani. Riveti iliyokatika hutobolewa kwa drili na kuwekwa nyingine iliyo nene kidogo zaidi.

Riveti za kuvuta, zinazouzwa kila duka la vifaa vya ujenzi, zina tundu katikati na huvuja. Chini ya mstari wa maji zinafaa tu zile zilizozibwa mwisho, na msumari wake uwe wa alumini pia. Mishono hupakwa gundi ya polyurethani inayobaki laini kama mpira baada ya kukauka. Silikoni ya madirishani haifai. Hubanduka, na mahali ilipopita rangi haishiki tena.

Kuchomelea ni jambo la fundi mwenye uzoefu. Alumini huyeyuka kwenye nyuzijoto 660 za Selsiasi, lakini utando wake wa oksidi huyeyuka kwenye nyuzijoto zaidi ya 2,000. Asiyeujua utando huo hujikuta bamba limeanguka chini kama uji huku uso wake ukionekana haujaiva. Huhitajika gesi ya argoni na mashine inayofaa, na uso uwe umesafishwa muda huohuo. Tena joto hupunguza uimara wa bamba pembeni mwa mshono. Kwa bamba jembamba la boti ndogo, kiraka cha riveti chenye gundi mara nyingi hudumu kuliko mshono wa moto uliofanywa vibaya.

Ubao wa tezi

Katika boti nyingi za alumini, tezi huwa na ubao uliofungwa kati ya mabamba mawili ili kubeba injini. Ubao huu huoza kwa ndani huku bamba la nje liking'aa, na ndio sababu ya ajali nyingi za injini kung'oka. Hujulikana kwa kugongwa na kusikiliza, au kwa kutikisa mguu wa injini na kutazama kama tezi inacheza.

Ubao mpya huwa wa plaiwudi iliyogundishwa kwa gundi isiyoyeyuka majini, tabaka mbili zikiunganishwa kwa epoksi, kingo na matundu yote ya bolti yakipakwa epoksi vilevile. Hapa ndipo kosa kubwa hufanyika kwa nia njema: fundi huchagua mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa na kuoza. Dawa nyingi za aina hiyo zina shaba. Ubao ukilowa, shaba hugusana na alumini na boti huliwa kutoka ndani mahali pasipoonekana. Ubao usio na dawa, uliozibwa vizuri, ni salama zaidi. Bolti ziwe za feleji isiyoshika kutu, zikitenganishwa na bamba kwa wosha za plastiki au gundi.

Rangi

Rangi si lazima kwa boti ya maji baridi, lakini katika maji yenye magadi ni kinga ya kwanza. Alumini haishiki rangi kirahisi. Uso huoshwa mafuta, hupigwa msasa, na rangi ya kwanza iliyotengenezwa kwa ajili ya alumini hupakwa siku ileile kabla utando haujanenepa. Rangi za kuzuia mimea na konokono zenye shaba hazipakwi kamwe, wala rangi ya risasi nyekundu inayotumika kwenye chuma. Sehemu za zamani zilizopakwa rangi ya manjano ya kromati ya zinki zisipigwe msasa mkavu. Vumbi lake husababisha saratani.

Vipande vya kujitoa mhanga, yaani anodi, hufungwa kwenye tezi na kwenye mguu wa injini ili viliwe badala ya boti. Kwa maji baridi hutumika magnesi, kwa maji ya bahari zinki au aloi maalumu ya alumini. Anodi isipakwe rangi. Anodi iliyopakwa rangi ni pambo.

Kubadilisha injini

Swali la kwanza ni boti inabeba nguvu kiasi gani, si mfuko wa mwenye boti. Boti za kiwandani huwa na kibao chenye kikomo hicho. Kibao kikiwa kimepotea, kanuni za Marekani za boti ndogo hutoa makadirio mazuri: zidisha urefu wa boti kwa upana wa tezi, vyote kwa futi. Boti ya futi 14 yenye tezi ya futi 4 hupata 56. Kwa boti inayoongozwa kwa mkono wa injini, yenye tumbo bapa na kona kali, nusu ya namba hiyo hutolewa 15, yaani 13, kisha huinuliwa hadi kizidisho cha tano kinachofuata: nguvu farasi 15. Ikiwa tumbo si bapa, namba huzidishwa kwa 0.8 na kutolewa 25, na jibu ni 20. Kanuni hii inadhania kwamba bodi ni nzima. Boti iliyokarabatiwa inastahili kufungiwa injini iliyo chini ya kikomo.

Uzito nao una neno. Injini ya nguvu farasi 15 ya mipigo miwili, ile inayochanganyiwa oili kwenye petroli, ina kilo 36 hivi. Ya mipigo minne yenye nguvu hiyohiyo hufikia kilo 50. Ya pili hula mafuta kidogo zaidi na kutoa moshi mdogo. Ya kwanza hupitisha sehemu ya petroli bila kuiunguza, na petroli hiyo huishia ziwani. Lakini kilo zinazoongezeka ziko nyuma kabisa, pamoja na mwendeshaji na tangi, na tezi huzama. Mara nyingi dawa ni kuhamishia tangi mbele.

Urefu wa mguu wa injini lazima ulingane na urefu wa tezi: inchi 15 kwa mguu mfupi, inchi 20 kwa mrefu. Mguu mrefu kwenye tezi fupi hukokota matope, na Kitangiri ni ziwa la kina kifupi. Matope hayo huingia pia kwenye njia ya maji ya kupozea na kusaga impela ya pampu. Injini isipotoa maji kwenye tundu lake la ushahidi, huzimwa papo hapo.

Jambo ambalo wauzaji wa pwani hawalitaji ni mwinuko. Mji wa Singida uko kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Injini ya kawaida hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100, kwa hiyo injini ya nguvu farasi 15 iliyojaribiwa Dar es Salaam itatoa chini ya 13 kwenye Ziwa Singidani. Mwenye boti huona mashine haivuti na kuhitimisha kwamba anahitaji kubwa zaidi, wakati tezi yake haiwezi kuibeba. Tiba sahihi ni propela yenye mpindo mdogo zaidi, ili injini ifikie mizunguko iliyowekwa na kiwanda, na katika injini ya kabureta, jeti ndogo inayopunguza petroli. Injini za umeme, ambazo zimeanza kutumika Ziwa Viktoria upande wa Kenya, hazipotezi nguvu kwa mwinuko, ila betri zake ni nzito na hazitaki maji ya chumvi.

Povu la kuelezea na kurudi majini

Chini ya viti vya boti ya kiwandani huwa na povu gumu. Wakarabati wengi hulitupa kwa kuwa limelowa na kunuka, na kiti kipya huachwa kitupu ili kuweka vitu. Boti ya mbao iliyojaa maji huendelea kuelea. Ya alumini isiyo na povu hushuka hadi chini ikiwa na injini yake. Hesabu si ngumu. Bodi ya kilo 120 ikiwa chini ya maji bado ina uzito wa kilo 76 hivi, na injini ya kilo 50 huongeza karibu 40. Lita moja ya povu huinua karibu kilo moja. Kwa hiyo huhitajika lita 120 za povu lisilonyonya maji kabla ya kuhesabu watu wanaojishikilia ubavuni. Lililo bora ni la vipande vya kukata, linaloweza kutolewa na kukaguliwa, likiwekwa juu, karibu na kingo, ili boti isipinduke.

Safari ya kwanza hufanywa karibu na ufuko, kwa mwendo mdogo, bila abiria, na kila mtu akiwa amevaa jaketi okozi. Baada ya nusu saa boti hutolewa na bolti za tezi hukazwa tena, kwani ubao mpya hujikunyata. Nchini Tanzania ukaguzi na usajili wa vyombo vidogo vya majini uko chini ya Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), lililoanza kazi mwaka 2018. Boti itakayovua samaki huhitaji pia kuandikishwa na kupewa leseni chini ya Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003, kupitia ofisa uvuvi wa halmashauri.